Mkuku Ulioachana na Chombo: Uchambuzi wa Kisa cha Boti ya Matanga Cheeki Rafiki

Muda mfupi baada ya saa 10 alfajiri kwa saa za Greenwich, tarehe 16 Mei 2014, setilaiti zilipokea ishara ya dharura kutoka katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, maili za baharini zipatazo 720 mashariki-kusini-mashariki mwa Nova Scotia, Kanada. Ishara hiyo ilitoka kwenye kifaa kidogo cha kuvaliwa mwilini, kilichokuwa cha mmoja wa mabaharia wanne wa Cheeki Rafiki, boti ya matanga ya Uingereza iliyokuwa ikirudi Southampton kutoka Antigua. Huko walikokuwa bado ulikuwa usiku wa manane, upepo ulikuwa mkali na bahari imechafuka. Mabaharia hao hawakupatikana. Boti ilionekana siku iliyofuata na meli ya makontena, ikielea tumbo juu, na ilipokaguliwa kwa karibu baadaye ilithibitika kwamba mkuku wake, yaani kipande kizito cha chuma kinachofungwa chini ya tumbo, haupo.

Jina la boti hiyo lina neno ambalo kila msomaji wa makala haya analifahamu, lakini sababu ya kukichambua kisa hiki ni nyingine. Cheeki Rafiki haikuwa chombo cha ajabu kilichoundwa mara moja kwa ajili ya kuvunja rekodi. Ilikuwa Beneteau First 40.7, boti ya kiwandani ambayo mamia ya ndugu zake wanaendelea kusafiri na kushindana katika bahari zote za dunia, na ni mfano halisi wa aina ya boti inayopendwa kuliko nyingine leo: ya urefu wa wastani, yenye kasi ya mashindano na vyumba vya kulala familia. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba sifa zilezile zinazoifanya boti ya aina hii iende vizuri zimeupeleka mzigo wake mkubwa kuliko yote kwenye kiungo kimoja, na kwamba kiungo hicho ndicho mahali ambapo jicho la nahodha haliwezi kufika.

First 40.7 ilichorwa na ofisi ya Bruce Farr, mbunifu mzaliwa wa New Zealand ambaye kwa miongo mingi michoro yake ilitawala mashindano ya baharini, na ikaundwa Ufaransa na kampuni ya Bénéteau, ambayo mwaka 1884 ilianza kwa kuunda mashua za wavuvi huko Croix-de-Vie. Boti za kwanza za aina hii zilitoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1990. Cheeki Rafiki yenyewe iliundwa mwaka 2006. Urefu wake ni kama mita 12, upana mita 3.75 hivi, na ile yenye mkuku mrefu huzama hadi mita 2.4 chini ya maji. Uzito wake wote unakaribia tani 7, na kati ya hizo zaidi ya theluthi moja ni mkuku peke yake. Sehemu inayogusa maji ina urefu wa mita 10.6 hivi, na kwa hesabu ya kawaida ya mabaharia urefu huo unaipa boti mwendo wa karibu fundo 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa, kabla haijaanza kupigana na wimbi lake yenyewe. Inaposhuka na upepo wa nyuma huweza kupita hapo.

Umbo lake linaeleza lengo lake. Tumbo ni pana na la bapa, shetri, yaani nyuma ya boti, imepanuka, omo, yaani mbele yake, imesimama karibu wima ili urefu wa majini usipotee bure, na mlingoti ni mrefu ukilinganishwa na uzito wa chombo. Tumbo la bapa huisaidia boti kuteleza juu ya maji inaposhuka na upepo wa nyuma, na upana huifanya boti isilale haraka upepo unapopiga matanga. Lakini tumbo la bapa huteleza kando kama hakuna kitu kirefu cha kulizuia, na kitu hicho ni mkuku wa pezi: kipande chembamba na kirefu cha chuma cha kusubu kinachoshuka wima kutoka katikati ya boti. Pezi hilo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huizuia boti isisukumwe kando inapobisha, yaani inapokwenda kinyume cha upepo, na hubeba farumi, uzito unaoisimamisha boti, kwa kina kirefu iwezekanavyo.

Hapa inafaa kukumbuka namna jahazi linavyofanya kazi, kwa sababu tofauti yenyewe ndiyo kiini cha kisa. Katika jahazi mkuku ni gogo refu linalotoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, mataruma yote, ambayo ni mbavu za chombo, yamefungwa juu yake, na chombo kizima kimejengwa kuanzia hapo. Farumi ni mawe, mchanga au shehena yenyewe, vinavyolala ndani ya ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Mzigo umesambaa kwenye urefu wote wa chombo. Fundi hawezi kuuondoa mkuku huo bila kukivunja chombo, na bahari haiwezi pia. Katika First 40.7 mkuku si uti wa mgongo. Ni kipande kilichosubiwa kivyake, kikaletwa chini ya boti iliyokwisha kuundwa, kikainuliwa na kufungwa kwa bolti zinazopenya sakafu ya tumbo. Faida yake ni kubwa: uzito wa farumi ukishushwa zaidi ya mita moja chini ya tumbo, kiasi kidogo cha chuma hufanya kazi ambayo ndani ya ngama ingehitaji tani nyingi, na boti yote hubaki nyepesi na yenye kasi. Gharama yake ni kwamba uzito wote huo sasa unaning'inia.

Tuone gharama hiyo kwa hesabu. Tuchukue mkuku wa tani 2.7 ambao kitovu cha uzito wake kiko mita 1.3 chini ya tumbo. Boti inaposimama wima, bolti zinabeba tani 2.7, mzigo ambao bolti chache nene zinaumudu kwa urahisi. Boti inapolazwa na wimbi hadi mlingoti kugusa maji, mkuku unakuwa mkono uliotoka kando, na uzito uleule sasa unafanya kazi ya wenzo. Shina la mkuku ni jembamba, kwa hiyo kutoka kwenye bolti za upande mmoja hadi ukingo wa upande wa pili, ambako chuma kinaegemea tumbo, tuseme kuna sentimita 20 tu. Mita 1.3 ukigawa kwa sentimita 20 unapata sita na nusu, na bolti za upande wa juu zinavutwa kwa nguvu inayokaribia tani 17 na nusu. Vipimo hivi ni vya mfano na si vya boti fulani, lakini vinaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe, na bado hatujaongeza kishindo cha tumbo linapoanguka kutoka kwenye kilele cha wimbi. Aidha, mzigo huo hauji mara moja. Mawimbi yakipita kila baada ya sekunde 8, mkuku hutikiswa zaidi ya mara 10,000 kwa siku, na kila boti inapobisha na kubadili upande, bolti zilizokuwa zimepumzika ndizo huanza kuvutwa.

Bolti, hata hivyo, ni nusu tu ya kiungo. Chuma kinashikiliwa na faibaglasi, na faibaglasi ya tumbo ikiachwa peke yake ni bamba linaloweza kupinda. Ili lisipinde, kiwanda huweka ndani yake kiunzi: muundo mmoja wa mihimili inayokwenda kwa urefu na kwa upana, uliomiminwa kwenye kalibu yake kivyake, kisha ukashushwa ndani ya tumbo na kugandishwa kwa gundi nzito. Bolti za mkuku hupita hapo, na kiunzi huuchukua mzigo wake na kuutawanya mbali kwenye tumbo. Ni njia nzuri ya kuunda boti nyingi kwa bei ambayo watu wanaimudu, kwa sababu fundi hahitaji kujenga kila taruma kwa mkono ndani ya kila boti, na vipimo vinatoka sawa kila mara. Sina ugomvi na njia hiyo. Ugumu wake ni kwamba nguvu ya kiungo chote inategemea utepe wa gundi uliobanwa kati ya nyuso mbili. Ukishakauka hakuna anayeuona tena, na juu yake kuna matangi, mabomba, sakafu ya mbao na samani. Gundi ikibanduka mahali fulani, mhimili ulioko juu unaonekana kama ulivyokuwa siku boti ilipotoka kiwandani.

Nini huibandua? Wachunguzi wa Uingereza waliona kwamba matumizi mazito ya muda mrefu yenyewe yanaweza kufikisha boti ya aina hii hapo. Sababu inayojulikana zaidi ni kupanda mwamba au fungu. Boti ya tani 7 ikiwa na mwendo wa fundo 6, kisha ncha ya mkuku ikagonga jiwe, mkuku unasimama na boti inataka kuendelea. Shina la mkuku linazunguka: upande wa mbele unavutwa kwenda chini, na upande wa nyuma unasukumwa juu kuingia tumboni. Nguvu hiyo ya nyuma ndiyo hupasua kiunzi au kukibandua, mara nyingi kwenye mhimili ulio nyuma tu ya bolti za mwisho. Mtu aliyepiga mbizi kuangalia ataona rangi iliyochubuka kwenye ncha ya chuma na kuridhika, ilhali jeraha liko mita mbili juu yake, ndani, chini ya sakafu.

Cheeki Rafiki ilikuwa boti ya kazi. Ilikuwa ikisimamiwa na kampuni ya mafunzo na ukodishaji, ikabeba wanafunzi na washindani wa kila kiwango, na katika miaka yake minane ilikuwa imegusa chini zaidi ya mara moja na kufanyiwa matengenezo ya kiunzi. Hilo si jambo la kushangaza; boti yoyote ya shule inayozunguka maji ya kina kifupi ya kusini mwa Uingereza itagusa chini. Mwishoni mwa mwaka 2013 ilivuka Atlantiki kwenda Karibiani, ikafanya kazi huko msimu mzima, ikashiriki wiki ya mashindano ya Antigua, na tarehe 4 Mei 2014 ikaanza safari ya kurudi ikiwa na watu wanne, nahodha wake akiwa na umri wa miaka 22. Kabla ya kuondoka haikukaguliwa na mtaalamu.

Siku kama kumi baada ya kuondoka, maji yalianza kuingia. Ujumbe wa barua pepe ambao nahodha alimtumia meneja wake nchi kavu unajulikana kutokana na uchunguzi, na kwangu ndio sehemu nzito kuliko zote katika kisa hiki. Alieleza kwamba maji yanaingia kwa wingi na hali inazidi. Kwamba anadhani tangi la maji ya kunywa la upande wa kulia limepasuka. Kwamba amekagua tumbo na valvu zote asione kasoro. Na kwamba hali ya hewa ikitulia ataingia majini kuangalia chini. Walikuwa wamegeuza safari kuelekea visiwa vya Azores. Hakuna uzembe katika ujumbe huo. Ni ripoti ya kijana aliyefanya alichofundishwa, kwa utaratibu, na kuomba ushauri.

Basi kwa nini hakukiona chanzo? Jibu liko kwenye mchoro wa boti. Chombo chenye tumbo la kina kina ngama halisi: maji yote hukusanyika mahali pamoja, na yakiongezeka unajua yameongezeka, na unaweza kufuata mchirizi wake mpaka yanakotoka. Tumbo la bapa halina ngama ya namna hiyo. Ndoo chache za maji hutapakaa chini ya sakafu yote, boti ikilala upande mmoja hukimbilia huko na kujitokeza nyuma ya makabati, ikigeuka hurudi upande wa pili, na njiani hupita kwenye mashimo na mifereji ya kiunzi. Maji yaliyoingilia pembeni mwa bolti ya mkuku yanaweza kuonekana kwa mara ya kwanza chini ya kitanda cha shetri. Tangi la maji liko palepale chini ya viti vya sebule, kwa hiyo kulishuku kulikuwa na mantiki. Sifa ileile iliyoipa boti kasi ndiyo iliyoificha dalili.

Naamini hapa ndipo palipo na funzo la kiufundi lenye thamani kuliko yote katika ripoti ya wachunguzi. Maji yanapoingia kwenye boti yenye mkuku wa kufungwa kwa bolti, na chanzo hakionekani, mkuku lazima uwe mtuhumiwa wa kwanza mpaka uthibitishwe kuwa hauna kosa. Sakafu ifunuliwe yote, kila nati ishikwe kwa mkono, pembe za kila mhimili kuzunguka mkuku zipanguswe zikauke na kutazamwa kwa tochi wakati boti inayumba, kwa sababu ufa unaofunguka boti ikilala na kujifunga ikisimama hauonekani bandarini. Kama kuna shaka, matanga hupunguzwa mpaka boti isilale, safari huwekwa upande ambao mawimbi hayaji ubavuni, na watu huvaa mavazi ya kujiokoa wakiwa wameitoa nje boti ya mpira ya kuokolea maisha. Hatua hizo hazirudishi gundi iliyobanduka, lakini hupunguza ule wenzo tuliouhesabu hapo juu na hununua muda.

Muda ndio ambao wanaume wale wanne hawakuupata. Boti ya kawaida ikilazwa na wimbi huinuka kwa sababu farumi yake iko chini. Mkuku ukiondoka, chombo kilichobaki ni gamba jepesi, pana, lenye mlingoti na matanga juu, na tumbo pana la bapa ambalo linapokuwa juu chini hutulia kuliko linavyotulia likiwa wima. Hugeuka kwa sekunde chache na hakirudi. Boti ya mpira ya kuokolea maisha ilikuwa imefungwa mahali pake pa kuhifadhiwa, na hapo ndipo ilipokutwa wiki moja baadaye, haijaguswa. Ishara zilizofika kwenye setilaiti zilitoka kwenye vifaa viwili vya kuvaliwa mwilini. Ripoti ilisisitiza kwamba boti za mpira zinapaswa kuwekwa kwa namna ya kujifungua na kuelea zenyewe chombo kinapopinduka. Agizo hilo kwenye meli kubwa ni la kawaida kwa miaka mingi, na kwenye boti ndogo za matanga lilikuwa bado halijakolea.

Walinzi wa Pwani wa Marekani waliongoza utafutaji kutoka Boston kwa ndege na meli. Tarehe 17 Mei meli ya Maersk Kure ilikuta tumbo la boti likielea, lakini bahari haikuruhusu kulikaribia. Tarehe 18 utafutaji ulisitishwa, jambo lililozua kilio nchini Uingereza. Zaidi ya watu 200,000 walitia saini ombi la kuurejesha, serikali yao ikaingilia, na tarehe 20 ndege zikarudi. Tarehe 23 Mei helikopta ya meli ya kivita ya Marekani iliiona boti tena, na waogeleaji wake ndio waliothibitisha kwamba mkuku umekwenda na boti ya mpira bado iko ndani. Tumbo lenyewe halikuvutwa nchi kavu. Kwa hiyo ushahidi wa mwisho uliobaki mikononi mwa wachunguzi ulikuwa picha na video.

Idara ya Uingereza ya Kuchunguza Ajali za Baharini, MAIB, ilitoa ripoti yake mwezi Aprili 2015, na ninaiheshimu kwa jinsi inavyopima maneno. Inasema kwamba bila manusura na bila boti yenyewe, chanzo kinabaki kwa kiasi fulani kuwa kisio. Haikuona dalili ya kugonga kitu kinachoelea, kwa sababu tumbo na usukani havikuonyesha madhara mengine zaidi ya yale yaliyotokana na mkuku kung'oka. Inaona kuwa yawezekana kugusa chini kwa nyakati zilizopita, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha mahali mkuku uliposhikana na tumbo. Kwamba bolti moja au zaidi huenda zilikwisha kuharibika. Na kwamba mkuku uliolegea uliendelea kucheza kadiri bahari ilivyochafuka mpaka ukaachana na chombo.

Wapo waliosoma ripoti hiyo wakaamua kwamba First 40.7 ni boti mbovu. Siungi mkono. Mamia ya boti za aina hii zimevuka bahari na kumaliza mashindano magumu, na historia ya mikuku iliyopotea haichagui mtengenezaji. Drum, boti kubwa ya mashindano, ilipoteza mkuku wake mwezi Agosti 1985 katika mashindano ya Fastnet, karibu na Falmouth, na mabaharia wake wote 24 wakaokolewa kwa sababu pwani ilikuwa jirani. Hooligan V ilipoteza wake mwezi Februari 2007 katika maji ya kusini-magharibi mwa Uingereza, na mtu mmoja akafa. Hapo chuma cha mkuku chenyewe kilikatika kwa uchovu. Katika Bahari ya Hindi, boti Moquini ilitoweka mwaka 2005 kati ya Mauritius na Durban ikiwa na watu sita, na miezi kadhaa baadaye ikaonekana imepinduka, haina mkuku. Vifaa, wabunifu na viwanda ni tofauti. Kinachofanana ni pezi jembamba, farumi nzito, na kiungo kifupi kati yake na tumbo.

Lakini sikubaliani pia na wale wanaoliweka jambo lote mabegani mwa nahodha na wamiliki, wakisema boti iliyotunzwa haipotezi mkuku. Utunzaji unahitaji kitu cha kukagua. Wachunguzi walipowauliza wataalamu namna ya kutambua kiunzi kilichobanduka, na namna ya kukitengeneza, walipata majibu yanayopingana. Wengine waliona kugonga kwa nyundo na kusikiliza mlio kunatosha. Wengine walishikilia kwamba bila kuushusha mkuku huwezi kujua. Na hata juu ya ukubwa wa kugusa chini unaostahili ukaguzi hapakuwa na kauli moja. Kama wataalamu wenyewe wanatofautiana mbele ya boti iliyoegeshwa bandarini, ni vigumu kumlaumu kijana wa miaka 22 aliyekuwa akifunua sakafu katikati ya Atlantiki. Mbunifu anayeamua kuficha kiungo kikuu cha chombo anapaswa, kwa maoni yangu, kuacha pia njia ya kukifikia: mlango wa kukagulia, mhimili usiofunikwa na samani, na maelekezo yaliyoandikwa ya lini mkuku ushushwe.

Upande wa sheria ulikuwa na utata wake. Hati ya kibiashara ya boti hiyo ilihusu safari zisizozidi maili 60 kutoka bandari salama, na swali la kama safari ya kurudi bila wateja wa kawaida ni ya biashara au ya starehe lilifika mahakamani. Mkurugenzi wa kampuni iliyoisimamia alitiwa hatiani kwa kushindwa kuhakikisha chombo kinaendeshwa kwa usalama, na hakupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Mabadiliko yenye uzito zaidi kwa mabaharia yalikuja kwenye kanuni za mashindano ya baharini: kwa mashindano ya mbali na pwani, shirika la World Sailing, linaloongoza mchezo wa matanga duniani, sasa linadai uthibitisho wa ukaguzi wa mkuku na tumbo uliofanywa ndani ya miezi 24 kabla ya kuanza, au baada ya boti kugusa chini, lolote lililo la karibuni zaidi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu yanakataa kuuliza kama kishindo kilikuwa kidogo au kikubwa.

Kanuni hiyo inatuhusu huku kwetu kuliko tunavyodhani. Boti za aina hii hutia nanga Kilifi, Mtwapa, Unguja na Dar es Salaam, nyingine zikinunuliwa mitumba na wakazi wa pwani, na maji yetu yana miamba ya matumbawe na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, linaloshuka na kupanda kwa karibu mita 4. Chombo chenye kina cha mita 2.4 kitapwelewa, yaani kitakwama chini maji yakipungua, mapema au baadaye. Kwa jahazi kupwelewa ni sehemu ya kazi. Linasubiri maji yajae na kuondoka. Mwenye mkuku wa pezi anapaswa kuliandika tukio hilo kwenye daftari la chombo siku hiyohiyo: tarehe, mwendo, jiwe au mchanga, na upande uliogongwa.

Anayenunua boti kama hii aanze na daftari hilo kabla ya matanga na injini. Kisha aiweke nchi kavu, uzito wote ukiwa juu ya mkuku, na kutazama mstari wa kiungo pande zote mbili. Baada ya hapo aininginize kwa mikanda na kuutazama mstari uleule tena, kwa maana ufa unaofunguka mkuku unaponing'inia ni kiungo kinachocheza. Ndani, aondoe sakafu yote, atafute nyufa nyembamba kwenye pembe za mhimili ulio nyuma ya bolti za mwisho, na aulize kama faibaglasi ya rangi tofauti mahali hapo ni ya kiwandani au ni ya fundi aliyekuja baadaye. Kutu ya rangi ya chai pembeni mwa nati ni ushahidi kwamba maji yamefika kwenye bolti, na chuma cha pua kilichofungiwa kwenye maji yasiyo na hewa huliwa kwa ndani huku kichwa chake kikibaki kinang'aa. Hapo haitoshi kukaza nati. Bolti moja itolewe nzima na kukaguliwa urefu wake wote, na ikionekana imeliwa, mkuku ushushwe na zote zibadilishwe kabla boti haijarudi majini.